Uhuru Agosti, Jamhuri Januari

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, sisi Wakenya tulipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 na tukawa jamhuri tarehe hiyohiyo mwaka uliofuata. Nasikia India husherehekea uhuru mwezi Agosti na jamhuri mwezi Januari. Kwa nini hawakuzikutanisha, na ipi kubwa kati ya hizo mbili? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Tarehe hizo zilichaguliwa na watu tofauti kwa sababu tofauti, na ile ya Januari, ijapokuwa kisheria ndiyo iliyokuja nyuma, ndiyo kongwe zaidi.

Desemba 1929 chama cha Congress, kilichoongoza harakati za uhuru wa India, kilikutana Lahore chini ya uenyekiti wa Jawaharlal Nehru, kikaachana na madai ya kujitawala ndani ya himaya ya Uingereza na kudai uhuru kamili. Usiku wa kuamkia mwaka mpya bendera ilipandishwa kando ya mto Ravi, na Jumapili ya mwisho ya Januari, yaani tarehe 26 Januari 1930, ikatengwa ili watu wakusanyike mijini na vijijini wasomewe kiapo cha uhuru kwa lugha zao. Tangu hapo wafuasi wa Congress waliiadhimisha kila mwaka kuwa siku ya uhuru, wakati uhuru wenyewe bado haujaonekana hata kwa mbali.

Tarehe 15 Agosti, kwa upande wake, iliteuliwa na mtawala. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetangaza kwamba ingeondoka kabla ya Juni 1948 kwisha, lakini Mountbatten, mwakilishi wa mfalme, aliharakisha mambo akachagua 15 Agosti 1947 kwa sababu, kwa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, siku hiyo ilitimia miaka miwili tangu Japani isalimu amri katika vita ambavyo yeye aliongoza majeshi ya washirika Kusini-Mashariki mwa Asia. Wanajimu wa Kihindi waliona siku hiyo ina nuksi, na inasemekana ndiyo maana Bunge la Katiba lilikutana usiku wa tarehe 14, uhuru ukaingia saa sita kamili. Nuksi ama la, haraka iligharimu: ramani ya mpaka wa India na Pakistan, nchi mbili ambazo koloni liligawanywa kuwa, ilitangazwa tarehe 17 Agosti, hivyo wako wakazi wa Punjab na Bengal walioupokea uhuru bila kujua wamo katika nchi gani.

India iliendelea kuwa chini ya Mfalme George VI hadi katiba ikamilike. Bunge liliipitisha tarehe 26 Novemba 1949, na vifungu vichache, vikiwamo vya uraia, vikaanza kutumika siku ileile. Vilivyobaki vilisubirishwa miezi miwili makusudi, ili vianze katika kumbukumbu ya kiapo cha 1930. Saa nne na dakika 18 asubuhi ya tarehe 26 Januari 1950, gavana mkuu wa mwisho, C. Rajagopalachari, alitangaza jamhuri, na dakika chache baadaye Rajendra Prasad akaapishwa kuwa rais.

Ama kuhusu ukubwa, zote mbili ni sikukuu za taifa, pamoja na tarehe 2 Oktoba aliyozaliwa Gandhi. Agosti waziri mkuu hupandisha bendera na kuhutubia kutoka Ngome Nyekundu mjini Delhi. Januari rais hupokea gwaride, ambalo kwa mbwembwe halina mfano. Tarehe 26 Novemba nayo huadhimishwa tangu 2015 kuwa Siku ya Katiba, ila siku hiyo watu huenda kazini kama kawaida.