Maswali yenu: Mbona mbunge wa jimbo haong'oki?

Haya, safari hii maswali mengi mliyotuma ni ya uchaguzi, na wala sio wa rais, ni wa mabunge ya majimbo huku Marekani, wale jamaa wanaokaa Boston, Columbus, St. Paul na kwingineko ambao wengi wetu hatujui hata sura zao, na wao ndo wanaoamua leseni ya udereva apewe nani, shule ya mtoto wako ipate hela kiasi gani na kima cha chini cha mshahara kiwe ngapi. Nimeyafupisha kidogo. Tuanze.

Swali (Massachusetts): Nilivyofika kupiga kura, kwenye nafasi ya mbunge wa jimbo nikakuta jina moja tu, halafu pembeni limeandikwa kwamba huyu anagombea kurudi. Sasa huo ni uchaguzi au matangazo?

Jibu: Ndo uchaguzi wenyewe huo ndugu yangu. Nyumbani Bongo tunasema kapita bila kupingwa, ila huku jina linabaki kwenye karatasi na unapewa kalamu ujaze kiduara kana kwamba una cha kuchagua. Hayo maneno uliyoyaona hayakuwekwa na kampeni yake, ni sheria ya Massachusetts, anayetetea kiti anaandikiwa hivyo pembeni ya jina, tena jina lake ndo linatangulia. Yaani hata kama kuna mpinzani, na wewe umeingia pale hujui lolote, karatasi yenyewe inakunong'oneza mwenyeji ni yupi. Mimi naona ni upendeleo wa wazi kabisa ila hakuna anayelalamika sana maana wanaoweza kuibadilisha hiyo sheria ndo walewale wanaofaidika nayo.

Na usidhani ni kwako tu. Mabunge ya majimbo yote 50 yana viti 7,386, na chaguzi za miaka ya karibuni zaidi ya theluthi moja ya viti vinavyogombewa vinakuwa na mtu wa chama kimoja tu kati ya vile viwili vikubwa. Sababu mojawapo ni hela. New Hampshire mbunge analipwa dola 100 kwa mwaka, sijakosea, mia moja, kiwango kiliwekwa kwenye katiba yao mwaka 1889 na hakijaguswa, na wako 400 kwenye baraza la chini. Texas ni dola 7,200 kwa mwaka na posho za siku za vikao. Sasa mtu mwenye shifti mbili na nyumba ya kulipia ataomba ruhusa kazini akafanye kampeni miezi sita ili apate hiyo? Ndo maana unakuta wastaafu, mawakili na wenye biashara zao. New York wanalipa 142,000, hapo walau mtu unaweza kuacha kazi.

Swali (Columbus, Ohio): Kenya mbunge akilala kidogo tu anaitwa wa temu moja na anarudishwa kijijini. Hawa wa huku kwani wana dawa gani?

Jibu: Kaka, dawa zipo kadhaa na nyingi ni halali kabisa. Hesabu kwanza: katika wanaotetea viti vyao kwenye mabunge ya majimbo zaidi ya 9 kati ya 10 wanarudi, mwaka mbaya, mwaka mzuri, wanarudi tu.

Angalia siku moja ya ofisi yake. Mama mmoja malipo yake ya kukosa kazi yamekwama wiki kadhaa, simu anayopiga inajibiwa na mashine, basi anapiga ofisi ya mbunge, kijana wa pale anaandika barua pepe moja kwa idara husika na malipo yanafunguka. Yule mama, mumewe, dada zake na nusu ya kanisa lao wamekwisha kuwa kura. Na kijana aliyeandika hiyo barua pepe analipwa na kodi yako, mpinzani hana kijana kama huyo, ana shemeji yake anayemsaidia wikendi. Ongeza jarida linalotumwa majumbani kwa hela ya serikali, lina picha yake kwenye uzinduzi wa daraja na cheti alichompa kocha wa basketi, sio kampeni eti, ni taarifa kwa wananchi.

Halafu michango. Watu wa lobi, yaani wanaolipwa kuwashawishi wabunge, hawatoi hela kwa mapenzi, wanatoa kwa mtu watakayemkuta mezani Januari muswada wao ukifika kwenye kamati. Wakijua mwenye kiti, yaani mbunge anayekikalia sasa, ana uwezekano mkubwa wa kurudi wanampa yeye, na kwa sababu wamempa yeye uwezekano unazidi, unaona linavyojizungusha. Na hapo ndo inakuja ile ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote, wapinzani wazuri wanajiondoa wenyewe kabla mechi haijaanza. Diwani anayependwa, mkuu wa shule anayejulikana mtaa mzima, wanapiga hesabu wanaona bora kusubiri mzee astaafu. Anayebaki kupambana ni mtu asiye na hela wala jina, anapigwa vibaya, na kila mtu anasema unaona, mzee hashindiki.

Ila tusimpe mwenye kiti sifa zisizo zake. Wengi wanarudi kwa sababu wilaya, yaani eneo wanalogombea, ni ya chama chao basi, ungeweka yeyote mwenye herufi ileile angepita. Wapiga kura wengi huku hawamjui mbunge wao wa jimbo kwa jina, wanaangalia D (Democrat) au R (Republican) wanajaza. Kenya ni kinyume, chama kinabadilika kila uchaguzi na mtu ndo anayepimwa: alikuja msibani, alichangia harambee, hela za CDF, ule mfuko wa maendeleo ya jimbo, zimekwenda wapi, basari ya mtoto wangu iko wapi. Ukipimwa kwa vitu hivyo miaka mitano mfululizo lazima watu wakuchoke.

Swali (Dallas): Si wanachora mipaka wenyewe? Naona hapo ndo wizi ulipo.

Jibu: Sehemu kubwa ya majimbo ndiyo, baada ya sensa kila miaka 10 wabunge wenyewe wanachora wilaya watakazogombea, ni kama fundi anajipimia suti yake halafu bili anakupa wewe. Mchezo wa zamani huu, mwaka 1812 gavana Elbridge Gerry wa Massachusetts alisaini ramani ya wilaya za seneti iliyopindapinda mpaka ikachorwa gazetini kama mjusi mwenye mabawa. Mfano wa juzijuzi ni Wisconsin. Mahakama ya juu ya jimbo ilizitupa ramani Desemba 2023, zikaja mpya, na uchaguzi wa 2024 Republican waliokuwa na viti 64 kati ya 99 wakashuka hadi 54, mwaka uleule ambao Trump alilishinda jimbo hilo. California, Arizona na Michigan wameipa kazi hiyo tume huru, na ni wananchi waliopiga kura kulazimisha hivyo, sio wabunge walioona aibu.

Ila mipaka sio kila kitu. Watu wenyewe wamejipanga, mjini D, shamba R, hata malaika akichora atakuta wilaya nyingi za upande mmoja.

Swali: Wakiwekewa ukomo wa mihula si tatizo limeisha?

Jibu: Majimbo 16 yanao ukomo. California walianza 1990, baadaye 2012 wakaulegeza mtu aweze kukaa jumla ya miaka 12, hata yote kwenye baraza moja. Ohio ni miaka 8 mfululizo kwa kila baraza, basi jamaa akimaliza huku anahamia seneti, akimaliza seneti anarudi huku, wewe wa Columbus utakuwa umewaona. Wanaondoka kweli lakini ujuzi unabaki kwa watu wa lobi na wafanyakazi wa bunge ambao hawana ukomo. Na mpinzani naye anasema kwa nini nijichoshe sasa, kiti kitakuwa wazi baada ya miaka minne. Kwa hiyo mimi sio mshabiki sana wa hii.

Swali (Minneapolis): Nina uraia, nataka kugombea, lakini mwenye kiti yupo tangu nikiwa sijafika nchi hii. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, kwanza hongera kwa kuthubutu. Pili, usisubiri Novemba. Wilaya ikiwa ya chama kimoja uchaguzi wa kweli ni mchujo wa ndani ya chama, Novemba ni kukamilisha ratiba. Na kwako Minneapolis mfano upo mlangoni. Phyllis Kahn alichaguliwa 1972 akakaa miaka 44. Mwaka 2014 Mohamud Noor alijaribu kumtoa kwenye mchujo wa chama cha DFL, ndo Democrat wa Minnesota, akashindwa. Mwaka 2016 wakaingia watatu, Kahn, Noor na Ilhan Omar, yule aliyeishi utotoni kambi ya wakimbizi ya Utange pale Mombasa, na Ilhan akaibuka na kama asilimia 41, wale wawili wakagawana iliyobaki. Haikuwa bahati tu, walisajili wapiga kura wapya, Wasomali na wanafunzi wa chuo kikuu, watu ambao ile listi ya zamani ya Kahn haikuwa nao. Mchujo unapigiwa kura na watu wachache sana, kwa hiyo watu mia chache uliowatoa majumbani mwenyewe wana uzito ambao Novemba hawana. Ilhan alivyokwenda Congress, bunge la taifa, 2018 Noor akakichukua kiti. Wajumbe sio watu wazuri, tunawajua, lakini huku mjumbe ni yeyote anayejitokeza.

Njia ya pili, na kwa wengi ndo yenye akili zaidi, subiri kiti kiwe wazi, ila usisubiri umelala. Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, aliingia baraza la Minnesota 2024 kwa wilaya ya 38A upande wa Brooklyn Park, na mwenye kiti wa siku nyingi alikuwa hagombei tena. Kiti kikiwa wazi zile faida zote nilizomwambia yule wa Columbus zinayeyuka, kila mtu anaanza sifuri, na aliyekwisha gonga milango miaka miwili kabla anakuwa mbele. Kwa hiyo fuatilia nani anazeeka, nani anatajwa kuwa meya, nani anachungulia Congress. Na uliza nafasi ikiachwa katikati ya muhula inajazwaje, maana Illinois kwa mfano kamati ya chama ya eneo ndo inayoteua, halafu huyo mteule anakuja kwenye uchaguzi naye anaitwa mwenye kiti.

Kumshinda mwenye kiti Novemba inatokea, mara chache. New Jersey 2021 dereva wa lori Edward Durr alimwangusha Steve Sweeney, rais wa seneti ya jimbo tangu 2010, na kampeni yake ilikuwa ya hela ya mboga. Watu walichoka tu mwaka ule. Halafu 2023 Durr mwenyewe anatetea kiti, akapigwa.

Swali: Wilaya yangu inashindaniwa kweli lakini mume wangu anasema kura moja haibadilishi kitu.

Jibu: Msomee hii akiwa anakula. Virginia 2017, wilaya ya 94, David Yancey anatetea kiti, Shelly Simonds anapinga. Kura zikahesabiwa upya Simonds akaongoza kwa moja. Kesho yake majaji wakaikubali karatasi moja iliyokuwa na utata, mpiga kura alijaza viduara vyote viwili halafu akapiga mstari kwenye cha Simonds, wakaipa kwa Yancey. Ikawa 11,608 kwa 11,608. Tarehe 4 Januari 2018 wakayaweka majina kwenye vikopo vya filamu za kamera, vikopo kwenye bakuli la bluu, likachomolewa la Yancey. Chama chake kikabaki na viti 51 kwa 49 badala ya sare. Simonds alirudi 2019 akamtoa.

Na Minnesota 2024, wilaya ya 54A Shakopee, Brad Tabke alitetea kiti kwa tofauti ya kura 14 huku kura 20 zikiwa zimepotea, inaaminika zilitupwa na takataka. Ikaenda mahakamani akabaki, na baraza zima likawa 67 kwa 67.

Swali: Nina green card miaka mitatu sasa, fomu ya kusajiliwa waliniletea mlangoni. Nijaze?

Jibu: Usijaze! Kura ya mbunge wa jimbo ni ya raia tu, majimbo yote, na ukijiandikisha au ukipiga hata kwa kutojua inaweza kukukosesha uraia na hata kukurudisha nyumbani, haijalishi nani alikuletea fomu. Kama umekwisha jaza tafuta wakili wa uhamiaji kabla hujapeleka karatasi nyingine yoyote. Unachoweza ni kugonga milango na mgombea unayemtaka, kupiga simu, kutafsiri kwa wazee wetu kanisani na msikitini, hata kuchangia hela kisheria ukiwa na hiyo green card unaruhusiwa. Wa viza ya masomo na wasio na makaratasi hela hawaruhusiwi kutoa.