Polipu za utumbo mpana: kabla hamjauza kiwanja kwa ajili ya upasuaji

Mkuu, pole kwa mzee. Umesema kamera (ule mpira mrefu unaopitishwa njia ya haja kubwa) imeonyesha polipu mbili, yaani vinyama vinavyoota kwenye utando wa ndani wa utumbo mpana, moja ya milimita 7 na nyingine bapa ya milimita 25, na ndugu wameshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja ili mzee akatwe utumbo. Tulieni kwanza. Mimi ni nesi wa chumba cha endoskopia, yaani kile cha vipimo vya kamera. Daktari anaongoza kamera, mimi nashika mpini wa kitanzi cha waya cha kukatia polipu, kwa hiyo nakueleza ninachokiona kazini.

Kuondoa polipu kwa kamera si majaribio. Dk. Hiromi Shinya alianza kuzikata kwa kitanzi cha waya mwaka 1969 kule New York. Kinachoamua njia ni ukubwa na umbo lake.

Hiyo ya milimita 7 isiwanyime usingizi. Kitanzi kinapita ndani ya kamera, kinaizunguka pamoja na ukingo mdogo wa utando wenye afya, daktari anasema "funga", nami nafunga polepole mpaka inakatika. Umeme hautumiki. Damu hutoka kidogo na mara nyingi hukata yenyewe tukiwa tunaangalia. Zile zenye shina kama uyoga, hasa shina nene, hukatwa kwa umeme ili mshipa ulio ndani uungue, na pengine hutanguliwa na sindano ya adrenalini au klipu (kibanio kidogo cha chuma) kuzuia damu.

Hiyo bapa ndiyo yenye kazi. Ukuta wa utumbo mpana una unene wa milimita chache tu, ukikata ovyo unatoboa. Kwa hiyo tunaanza kwa kudunga maji ya chumvi yenye rangi ya bluu chini ya polipu. Kwenye skrini unaiona inapanda, bluu inatandaa chini yake, na hapo ndipo kitanzi kinapata pa kushika. Pembeni kukiinuka halafu katikati kukagoma, daktari anasimamisha kazi na kuangalia upya: huenda ni saratani iliyokwishazama ndani ya ukuta, au ni kovu la kunyofolewa huko nyuma. Ndiyo maana hukereka nikipokea mgonjwa ambaye polipu yake bapa imenyofolewanyofolewa "kwa ajili ya maabara", kisha ndipo anapewa rufaa ya kuja kuitoa. Ulizeni kama ya mzee imeshaguswa.

Ya milimita 25 kwa kawaida hutoka vipande vipande, kingo zinachomwa, na mzee anarudi kwenye kamera baada ya miezi 6 hivi kuangalia kama imeota tena. Hiyo ratiba msiipuuze. Ipo njia nyingine, waliyoikuza Wajapani, ya kuichuna nzima kwa kisu kidogo cha umeme kinachopita humohumo kwenye kamera. Maabara inapata kitu kizima cha kupima, lakini inakula muda, hatari ya kutoboa utumbo ni kubwa zaidi, na inataka mtu aliyeizoea kwelikweli. Kupasua tumbo kunabaki kwa saratani iliyozama au polipu isiyofikika vizuri kwa kamera.

Sehemu yenu ni usafi wa utumbo. Dawa ya kumharisha ili utumbo usafike igawanywe, nusu jioni na nusu alfajiri, mpaka kinachotoka kiwe maji ya njano yasiyo na chembe. Matembele, mahindi, mapera na pasheni aviache siku chache kabla. Juisi ya choya pia, maana wekundu wake unatuchanganya na damu. Vidonge vya kuongeza damu asimamishe wiki moja kabla. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini au klopidogreli, mwambieni daktari mapema. Msimkatishe wenyewe, moyo wake unaweza kuwa unaitegemea.

Polipu zikishatolewa, asiende kijijini kwa wiki mbili, kwa sababu damu inaweza kuanza hata siku ya kumi. Akitoa mabonge ya damu, tumbo likikaza au homa ikipanda, hospitali saa hiyohiyo. Na majibu ya maabara yafuatilieni hadi karatasi iwe mkononi, kwani ndiyo itakayosema kama kuna saratani na arudi lini.

Kuhusu ile mizizi ya dawa ya kienyeji uliyosema shangazi anataka atumie: haiondoi polipu, na karibu na siku ya kipimo aiache kabisa, kwa kuwa hatujui inafanya nini kwenye damu.