Usiyatafute mawimbi ya dhoruba kwa data ya kila saa

Wewe uliyeanza juzi kusoma data za hali ya hewa, nataka nikuepushe na kosa lililonila miezi mitatu. Nilikuwa nikitafuta mawimbi ya graviti yanayozalishwa na dhoruba za usiku za Ziwa Victoria, nikiwa na vipimo vya kanieneo ya hewa vya kila saa. Sikuona kitu. Nikaandika kwamba dhoruba zile zilikuwa dhaifu, na haikuwa kweli.

Usiyachanganye mawimbi hayo ya graviti na mawimbi ya mvutano yaliyonaswa mwaka 2015 kutoka kwenye mashimo meusi. Haya yetu ni ya hewa tu. Umewahi kumwona mvuvi akikizamisha chelezo cha wavu kisha akakiachia? Kinaibuka, kinapitiliza, kinazama tena, na viduara vinatawanyika majini. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya ziwa, hewa ya joto yenye unyevu ikapanda mpaka kilomita 16 au 17, inapoanzia stratosfea, tabaka la pili la anga. Hewa ya huko haipandishiki kirahisi. Kichwa cha wingu kikiitoboa, inainuka, uzito wake unairudisha, inapitiliza chini, inaibuka tena. Pete zinasambaa pande zote, na kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyokua, maana hewa inazidi kuwa nyembamba. Kwenye kilomita 90 hivi zinatikisa mwanga hafifu wa anga la usiku. Setilaiti ya Suomi NPP, iliyorushwa mwaka 2011, imezipiga picha. Mawimbi haya pia ni kati ya vinavyozigeuza pepo za stratosfea juu ya ikweta huku na huko, katika mzunguko wa miezi 28 hivi. Si jambo dogo hata kidogo.

Sasa piga hesabu, hapa ndipo nilipokosea. Mawimbi ya haraka kabisa humaliza mzunguko kwa dakika kama 10 katika troposfea, tabaka la chini tunamoishi, na kama 5 katika stratosfea. Ili uone kupanda na kushuka, unahitaji zaidi ya vipimo viwili kwa kila mzunguko. Kwa hiyo kati ya kipimo kimoja cha saa na kingine, mawimbi sita yanaweza kupita bila kuonekana. Picha za setilaiti za kila dakika 15 nazo hazitoshi.

Barometa ilikuwa ileile. Nilipopewa kumbukumbu zake za kila dakika, mstari ulionyooka ukawa na vilima, vidogo kuliko hektopaskali moja (kizio cha kanieneo), vikifuatana baada ya radi. Ziombe mapema kumbukumbu hizo ghafi, kabla mtu hajaweka wastani na kuzifuta.