Binti ana daftari, wewe una kitenge

*Shangazi, binti yangu wa miaka 16, yuko kidato cha tatu, anauza ubuyu. Tangu aanze kushika hela amekuwa na kiburi, mpaka ana daftari anaandika kila ninachochukua. Juzi karudi saa mbili usiku. Baba yake, dereva wa malori, badala ya kumkemea kamnunulia jiko la gesi, na sasa anataka kumfungulia akaunti benki. Naona wananitenga. Nifanyeje? Mama Binti, Mbagala.*

Pole, mama. Kutengwa ndani ya nyumba yako kunauma. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako ndefu nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho linagota kwenye hilo daftari. Umelileta kama ushahidi wa kiburi, tena ukaninakilia na mistari yake: "Mama, sukari kilo 1. Mama, nauli 2,000. Mama, kitenge cha sare 45,000, atarudisha mwezi wa sita." Mwanangu, barua umeiandika mwezi wa tisa!

Mali bila daftari hupotea bila habari. Hii imepotea na habari zake zipo, ndicho kinachokukera. Na ule msemo wa kukopa harusi, kulipa matanga, wengine tunautumia kwa mafumbo. Wewe umekopea harusi kweli.

Unasema hela za wateja zinaingia kwenye simu yako kwa kuwa binti hajafika miaka 18, hana kitambulisho cha Taifa, hawezi kusajili laini kwa jina lake. Sawa kabisa. Lakini laini ni yako, hela ni za ubuyu. Umewahi kusimama naye jikoni? Sukari inachemshwa na rangi, iliki, chumvi na pilipili mpaka inate, ndipo ubuyu unamwagwa na kugeuzwa mkono usipumzike, usije ukashikana kama jiwe. Sukari ikipungua, ubuyu haukolei, na mteja akishaonja mara moja harudi. Kwa hiyo ile kilo moja uliyochota ya chai ilikuwa mtaji.

Sasa tuje kwenye saa mbili usiku. Hapo una haki, na binti akisoma aelewe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mtoto kuanzia miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyomdhuru wala kumkosesha shule, usiku haumo. Azuiwe, na baba yake aambiwe hivyo hivyo. Ila nakuuliza: kabla ya hicho kitenge alikuwa akichelewa? Mwenyewe umeandika kwamba zamani aliuza shuleni tu na kurudi mapema. Mtoto aliyepungukiwa 45,000 lazima azitafute mahali, na inaelekea kazifuata kwenye vijiwe vya bodaboda. Kuhusu masomo umelalamika sana, halafu chini kabisa ukateleza kidogo: alikuwa wa 11 darasani, sasa ni wa 9.

Mumeo simjui, na madereva wa masafa nina maneno yangu nao, ya siku nyingine. Kwa hili yuko sahihi. Akaunti ya mtoto inasimamiwa na mzazi, na kwa kuwa mzazi mmoja ameshaandikwa kwenye daftari, amejitolea yule mwingine.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Baba anaficha posho, mama anaficha kikoba, kila Jumamosi kuna sare mpya ya harusi ya mtu ambaye hata jina la ukoo wake hamlijui, na ada ikifika kila mmoja anamtazama mwenzake. Nyumba nzima, mwenye hesabu iliyonyooka ni mtoto wa kidato cha tatu. Halafu tunamwita mjeuri.

Fanya hivi. Kaa naye leo, na daftari likiwa wazi katikati yenu. Kama 45,000 huna, omba kulipa 5,000 kila wiki, na kila ukilipa aandike tarehe mbele yako. Usimwambie "mimi ndiye niliyekuzaa". Hilo analijua, wala hajaliweka kwenye madeni.

Na mwambie Shangazi anataka pakiti 10 za pilipili. Hela nitatuma kwa namba ya baba yake.