Kwotabeki Anapoanza Kuchuja: Maswali Yenu na Majibu Yetu

SWALI: Nimeanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani. Watangazaji husema kwotabeki fulani mkongwe (kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) amekwisha, nami naona pasi zake nyingi bado zinafika. Wanaona nini nisichokiona?

JIBU: Asilimia ya pasi zilizofika huchelewa sana kusema kweli. Mkongwe anaujua mchezo: anausoma ulinzi kabla mpira haujaanzishwa, kisha anampa haraka mwenzake aliye karibu. Asilimia inabaki juu, huku wastani wa yadi kwa kila pasi ukiporomoka. Anza na huo wastani.

Kisha mtazame anapotakiwa kupeleka pasi kwenye mstari wa pembeni ulio mbali naye. Mpira ukianzishwa kwenye alama za kushoto zilizochorwa katikati ya uwanja, mstari wa kulia uko karibu yadi 30. Kwotabeki amerudi nyuma yadi 7, na mpokeaji anakata kwenda nje akiwa amesonga yadi 12 mbele. Takwimu zitaandika yadi 12, lakini angani mpira umekwenda kama yadi 34, yaani mita 31. Ukirushwa kwa kilomita 80 kwa saa, unafika kwa sekunde 1.4 hivi. Ukirushwa kwa 72, unafika kwa sekunde 1.55. Kwa tofauti hiyo, mlinzi anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea zaidi ya mita moja, na pasi iliyokuwa salama miaka ya nyuma sasa inadakwa. Kocha anayemjua mchezaji wake huiondoa pasi hiyo kimyakimya kwenye mipango. Lakini wapinzani nao wana video. Wakishajua kwamba harushi tena huko, wanasogea mbele, na hata zile pasi fupi alizokuwa akijikimu nazo zinabanwa.

Jambo la pili ni miguu. Nguvu ya kurusha huanzia chini: mguu wa mbele unakanyaga, nyonga inageuka, kiwiliwili kinafuata, ndipo bega na kiwiko. Mguu wa mbele ukiwa na maumivu, hakanyagi kwa uzito wote, na mkono unabaki kufanya kazi peke yake. Mpira unapita juu ya kichwa cha mpokeaji, au unaelea. Kwenye marudio ya polepole, achana na mpira, kaza macho kwenye mguu wa mbele. Ukiona unagusa chini kidogo tu na nyonga haijageuka, umepata jibu kabla pasi haijafika.

SWALI: Ilikuwaje Peyton Manning, kwotabeki wa Denver Broncos, akapata alama 0.0 za upigaji pasi katika mechi moja, na msimu huohuo akabeba Super Bowl, fainali ya ligi ya Marekani (NFL)?

JIBU: Alama ya mpiga pasi hujengwa kwa vipengele vinne, na kila kimoja hakishuki chini ya sifuri. Unapata sifuri pasi zilizofika zikiwa asilimia 30 au pungufu, wastani ukiwa yadi 3 kwa pasi au pungufu, ukikosa pasi ya tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), na asilimia 9.5 ya pasi zako au zaidi zikidakwa na wapinzani. Tarehe 15 Novemba 2015, dhidi ya Kansas City Chiefs, Manning alifikisha pasi 5 kati ya 20 kwa yadi 35, bila tachidauni, na 4 zikadakwa. Vipengele vyote vinne vikawa sifuri. Kumbuka kwamba anayetupa kila mpira chini hupata 39.6, kwa sababu walau hajadakwa!

Miaka miwili tu nyuma, mwaka 2013, alikuwa ameweka rekodi ya tachidauni 55 na yadi 5,477 akiwa na Denver Broncos. Mwaka 2015 alimaliza na tachidauni 9, pasi 17 zimedakwa. Operesheni za shingo zilizomkosesha msimu mzima wa 2011 zilimwachia ganzi kwenye ncha za vidole, na mwaka 2015 akaumia utando wa unyayo wa kushoto. Yeye hurusha kwa mkono wa kulia, hivyo huo ndio mguu wake wa mbele.

Brock Osweiler, kwotabeki wa akiba, akashika nafasi yake. Manning aliporudi, alicheza kwa tahadhari: katika mechi tatu za mtoano pasi yake moja tu ilidakwa. Fainali ya tarehe 7 Februari 2016 Denver waliwafunga Carolina Panthers 24-10, yeye akipata yadi 141 tu. Ushindi ule ulikuwa wa walinzi, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ilikwenda kwa mmoja wao, Von Miller. Hata hivyo, kwa maoni yetu, kukubali kucheza kidogo ni kazi ngumu kwa nyota wa kiwango kile, na alistahili heshima kwa hilo.

SWALI: Kuna umri maalumu wa kuporomoka?

JIBU: Hakuna. Kwotabeki Tom Brady alipata yadi 5,316 za pasi msimu wa 2021 akiwa na miaka 44. Mkongwe mwingine, Brett Favre, akiwa na Minnesota Vikings, alipata tachidauni 33 mwaka 2009 huku pasi 7 tu zikidakwa. Msimu uliofuata: tachidauni 11, zilizodakwa 19.

SWALI: Mbona timu haimwachi mara moja?

JIBU: Hesabu ya mishahara inawabana. NFL ina ukomo wa mishahara, na bonasi ya kusaini hugawanywa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi 5. Bonasi ya dola milioni 50 huhesabiwa milioni 10 kila mwaka. Akiachwa baada ya miaka 2, milioni 30 zilizobaki zinaangukia mwaka huo wote kwa mpigo. Timu ikitumia kanuni ya tarehe 1 Juni, itabeba milioni 10 mwaka huo na 20 mwaka unaofuata. Denver walipomwacha kwotabeki wao Russell Wilson mwaka 2024 walibeba dola milioni 85 kwa namna hiyo, kwa misimu miwili, kwa ajili ya mtu asiyewachezea tena. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu kocha, angalia mkataba umebakiza miaka mingapi.