Kuwafundisha watoto nyumbani Texas: sheria inataka nini

Dada, umeuliza kama hapa Texas unaweza kuwatoa wanao wawili katika shule ya serikali ukawafundisha nyumbani bila leseni wala cheti cha ualimu. Unaweza. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya jimbo mwaka 1994, shule ya nyumbani huhesabiwa kuwa shule binafsi, mradi mafundisho yawe ya kweli na si geresha, yafuate mtaala wa vitabu au video, na yahusishe kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema.

Wengi huteleza kwenye kuondoka, nami nilikuwa mmoja wao. Ukiwabakiza tu nyumbani, shule itaendelea kuandika utoro, na siku 10 ndani ya miezi sita zinatosha kukufikisha mahakamani. Andika barua fupi yenye majina ya watoto, tarehe ya kuanza masomo ya nyumbani na sahihi yako, uyataje yale masomo matano, kisha uitume kwa msajili wa shule na utunze stakabadhi.

Jimbo halidai mitihani. Hata hivyo, madaftari ya wanangu nimeyapanga kwenye boksi, kila moja na tarehe yake, kwa kuwa mtoto akirudi shule ya serikali, shule hiyo ndiyo itakayoamua aingie darasa la ngapi.