Pete ya dhahabu nyeupe kwa bwana harusi

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Niko Moshi, natarajia kufunga ndoa baada ya Idi. Mama mkwe ameninunulia pete ya dhahabu nyeupe kwa mkopo wa kikoba. Ustadhi mmoja anasema yafaa, kwa kuwa wanaume tumekatazwa dhahabu ya njano tu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumu salaam. Kauli hiyo nimeisikia hadi Arusha, na vijana wanavaa kwa kujiamini, ndiyo maana sikutaka swali lako lisubiri.

Mtume (s.a.w.) alishika hariri mkono wa kulia na dhahabu mkono wa kushoto, akasema viwili hivi ni haramu kwa wanaume wa umma wake. Rangi hakuitaja. Sasa chungulia ndani ya pete yako: ukikuta muhuri wa 750, basi katika kila sehemu 1000, sehemu 750 ni dhahabu. Pete ya gramu 6 ina gramu 4.5 za dhahabu tupu! Zilizobaki ni madini meupe kama paladi au nikeli, ndiyo yanayofifisha unjano, kisha pete mara nyingi hupakwa rodi, madini mengine meupe, ing'ae. Rodi hiyo huchubuka, na baada ya miaka unjano huanza kujitokeza upande wa kiganjani. Je, ilikuwa halali siku ya harusi, ikawa haramu ilipochubuka? Ustadhi atujibu.

Wengine huleta hoja ya swahaba Arfaja, aliyeamriwa na Mtume (s.a.w.) aweke pua ya dhahabu. Huyo alipoteza pua vitani, akaweka ya fedha, ikamnukia. Fedha huingia weusi. Dhahabu haishiki kutu. Dharura hiyo inahalalisha pua au jino, haihalalishi pambo.

Platini, ingawa nayo ni nyeupe, ni madini mengine kabisa, hata kwenye ekzosi za magari imo, isafishe moshi. Muhuri ukiwa Pt950, vaa.

Ila mwanangu, kilichonigusa ni ule mkopo. Usimrudishie mama pete mbele za watu, wala usimsomee hadithi kana kwamba ametenda dhambi. Amekupenda kwa alichonacho. Zungumza kwanza na mchumba wako, yeye ndiye anayejua namna ya kulizungumza na mama yake. Mtume (s.a.w.) alipoivua pete ya dhahabu kidoleni mwa mtu akaitupa, maswahaba walimwambia mwenyewe aiokote anufaike nayo. Kwa hiyo mchumba wako anaweza kuivaa. Au, mama akiridhia, mpelekeeni sonara, uchukue ya fedha yenye muhuri wa 925, na pesa itakayobaki iende kwenye rejesho la kikoba chake.